Mtwara hadi Berlin: daftari letu la matumizi, kuanzia nauli ya basi la Dar mpaka chupa tupu za maji

Mwalimu wa Shangani

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Tangu mimi na mke wangu turudi Ujerumani mwezi Juni 2025, swali ninaloulizwa kuliko yote, kazini, msikitini na hata sokoni, ni hili: "Mwalimu, Ulaya ni shilingi ngapi?" Nikitaja jumla mtu anaguna na kuondoka, kwa hiyo hajajifunza kitu. Jumla haimsaidii. Kinachosaidia ni kujua pesa ilitokea mlango gani, tena siku gani. Daftari letu ninalo hapa mezani, kauntabuku ya kawaida tuliyoinunua stendi, nami nitaliandika kama lilivyo.

Nianze na kilichotupeleka. Mimi mzaliwa wa Lindi vijijini, upande wa Tendaguru. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba babu yake alikuwa mmoja wa wapagazi waliobeba mawe ya Wajerumani kichwani hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku nne. Nilipofika sekondari ndipo nikajua mawe yale ni mifupa. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale Tendaguru mabaki ya mijusi wakubwa wa kale, wachimbaji wakiwa watu wetu kwa mamia, na msimamizi wao mmoja, Boheti bin Amrani, jina lake lipo kwenye kumbukumbu mpaka leo. Yule mjusi mkubwa kuliko wote amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wa mita 13 na zaidi kwenda juu. Nilikuwa na hamu ya kumwona kwa macho yangu kabla sijastaafu. Mke wangu akasema twende wote, ila tuandike kila senti.

Tulianza kupanga Januari. Bajeti ya kwanza ilikuwa 9,000,000 kwa watu wawili, usiku kumi Berlin, na nilikuwa nimeigawa hivi: tiketi za ndege 4,400,000, viza na bima 700,000, na matumizi ya kule euro 1,500. Januari euro ilikuwa kama 2,600, kwa hiyo euro 1,500 nikaziandika 3,900,000. Niliona nimemaliza kazi.

Tumerudi, daftari linasoma 12,153,150.

Sasa hapa ndipo naomba msome taratibu. Zile 3,153,150 zilizozidi hazikuliwa Berlin. Kule tulizidisha euro 103 tu, yaani kama 314,000. Tiketi zilipanda kwa 300,000 kwa sababu tulichelewa kulipa. Euro yenyewe ikatuchapa 675,000, nitaeleza mbele. Zilizobaki zote, 1,864,000, zilivuja hapahapa nyumbani, kati ya Mtwara na Dar, kabla hatujaona ndege.

Mimi mtu wa Mtwara niliandika "viza na bima" kama vile ninaishi Posta, katikati ya Dar. Ukweli wa daftari ni huu:

Pasipoti mbili, 300,000.
Safari ya Dar kwa ajili ya miadi ya viza, nauli, gesti na kula, 520,000.
Viza mbili, euro 90 kila mtu, 549,000.
Bima ya safari ya watu wawili, 180,000.
Picha, fotokopi, taarifa za benki na vifaa vingine vidogo vidogo vya steshenari, 85,000.
Begi moja kubwa, makoti mepesi na viatu vya kutembea, 310,000.
Basi na malazi ya Dar siku ya kuondoka na siku ya kurudi, 230,000.
Pesa tuliyomwachia dada yangu akae na watoto, 250,000.
Kuaga, 140,000.

Hiyo ya kuaga mnaijua. Huwezi kwenda Ulaya usipite kwa wakwe, na huwezi kupita kwa wakwe mikono mitupu. Siilalamikii, ni haki yao, lakini ilipaswa kuwa na mstari wake tangu Januari.

Ile 520,000 ya safari ya viza ina sababu. Miadi ilikuwa mwezi wa tano, na kila anayesafiri barabara yetu anakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara kukatika pale Somanga, magari yakalala huku na huku. Sikuthubutu kuondoka siku moja kabla. Tulikwenda mapema, tukalala Mbagala, tukarudi, na mmoja wetu akalazimika kushuka tena kufuata pasipoti. Mtu wa Dar anapanda daladala, sisi tunapanda basi la alfajiri na kulala njiani kimawazo.

Nitaendelea na upande wa euro na upande wa Berlin. Kwa sasa kama kuna swali uliza.

---

Mpapura

Mwalimu ahsante sana kwa uzi, umeweka wazi mambo ambayo watu wanafichana. Hiyo ya euro kuwachapa imekaaje? Si mngenunua tu mapema?

---

Mwalimu wa Shangani

Ndugu Mpapura, ungekuwa jirani ungenisaidia sana Januari ile.

Nilisubiri. Februari ikapanda kidogo, nikasema itashuka. Machi ikaendelea kupanda. Kwanza shilingi ilikuwa ikilegea mbele ya dola, halafu na euro nayo ikawa inapanda mbele ya dola, kwa hiyo tukapigwa pande mbili. Mwezi wa tano euro ilikuwa imepita 3,000, nasi tukanunua zote kwa wastani wa 3,050. Kila euro ilikuwa imeongezeka 450. Zidisha mara 1,500 upate 675,000. Mshahara haukuongezeka, safari haikubadilika, chumba ni kilekile.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na dawa, ila nilimsikiliza nikiwa nimechelewa. Yeye ni mtu wa kikoba miaka mingi. Kikoba hakisubiri mwezi mzuri, hisa unanunua kila Jumamosi, uwe na hali gani. Alisema tununue euro vivyo hivyo, mia mbili kila mwisho wa mwezi, kuanzia siku tuliyokubaliana safari. Tungefanya hivyo Januari, Februari na Machi tusingeumia kiasi kile. Hata bei ingeshuka baadaye, tungekuwa tumenunua nyingine kwa bei ya chini.

Bei rasmi ya kila siku Benki Kuu inaiweka kwenye tovuti yake. Ile ni ya kuangalizia tu, dirishani utauziwa juu kidogo. Kwenye bajeti andika bei ya dirishani, halafu jiongezee kama 200 juu yake. Ikibaki, imebaki.

---

Mkulima Tandahimba

Shikamoo mwalimu. Mimi natamani kwenda ila nasikia wanataka kuona akaunti. Sisi wa korosho pesa inaingia kwa mkupuo, mnada ukiuzwa chama kinalipa benki, basi. Novemba akaunti imejaa, Mei imebaki ya salfa ya kupulizia mikorosho. Si watasema nimekopeshwa na jirani nionekane ninazo?

---

Mwalimu wa Shangani

Marahaba ndugu yangu. Swali lako ni zito na linawahusu wengi huku kusini.

Wanaangalia taarifa ya benki ya miezi mitatu ya karibuni, na kinachowatia shaka ni pesa nyingi iliyoingia ghafla wiki mbili kabla ya maombi bila maelezo. Pesa ya mkupuo yenye karatasi si tatizo. Mke wangu ana ekari zake upande wa Nanyamba, na malipo ya msimu yalikuwa yanaonekana kwenye akaunti. Tuliambatanisha stakabadhi za ghala, karatasi ya malipo ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), na barua fupi ya kueleza kwamba korosho hulipwa kwa minada kuanzia Oktoba, ndiyo maana pesa inaingia mara moja na kupungua polepole. Hawakuuliza zaidi.

Kwa wewe naona ni bora uombe viza karibu na msimu kuliko Mei. Kisheria unaweza kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, na usisubiri hadi zibaki chini ya siku 15. Kwa hiyo anayetaka kusafiri Mei anaweza kupeleka maombi Desemba au Januari, pesa ya korosho ikiwa bado ina joto. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini yanaweza kufika 45, usijibane.

Kiasi je? Ujerumani kipimo chao ni euro 45 kwa mtu kwa siku. Sisi wawili siku kumi ni 900. Nchi nyingine zina vipimo vyake, Ufaransa ni juu zaidi, na kama huna hoteli iliyothibitishwa wanapandisha hadi 120. Angalia nchi unayokwenda.

Jambo moja nakuomba usilifanye: usilipe tiketi ya ndege isiyorudishika kabla ya viza. Chukua oda ya tiketi, ambatanisha hiyo. Viza ikikataliwa ile euro 90 hairudi, sasa ukiongeza na tiketi utakuwa umezika msimu mzima. Na weka karatasi za shamba lako ndani ya maombi. Mashamba yako, watoto wako shuleni, hizo ndizo zinazoonyesha utarudi.

---

Chuno Magomeni

Milioni 12 mwalimu! Hiyo ni nyumba ya vyumba viwili imefika kwenye lenta. Sikusemi vibaya, ila kwa mtumishi wa kawaida hii naona ni kujitesa.

---

Mwalimu wa Shangani

Ndugu Chuno, nimekuelewa na sijakasirika.

Nyumba tunayo, tulimaliza kupaua 2019. Pesa hii ilitoka kwenye misimu mitatu ya korosho za mke wangu, kikoba kilichovunjwa Desemba mara mbili, na akiba yangu. Hatukukopa hata mia. Ingekuwa ya mkopo nisingeandika uzi huu, ningekuwa nakatwa.

Nilikulia kwenye hadithi ya mawe yaliyobebwa vichwani. Nimesimama darasani miaka zaidi ya ishirini nikiwaeleza watoto wa Mtwara na Lindi habari za Tendaguru kutoka kwenye picha. Wenzetu wengine wanaliongelea bungeni, mjusi arudi au asirudi. Mimi nilitaka kwanza nisimame mbele yake. Kwangu hiyo ilikuwa na thamani ya vyumba viwili.

---

Mama Mikindani

Mwalimu hongera, na mpe shem hongera zangu zaidi. Nataka kujua kule mlikuwa mnaandikaje? Mimi nilikwenda Roma kwa kozi fupi, siku ya nne nikawa sijui hata nimebakiwa na ngapi. Kadi huku, taslimu kule, risiti zimejaa pochi.

---

Mwalimu wa Shangani

Dada, hapa namwachia sifa mwenyewe. Mke wangu alinunua bahasha kumi za kaki kabla hatujaondoka Mtwara. Akaandika juu yake Siku ya 1 hadi Siku ya 10, kila moja akatia euro 40. Hizo ni za kula na vidogo vidogo vya watu wawili kwa siku. Hoteli, usafiri wa mjini na viingilio haviingii kwenye bahasha, hivyo vina ukurasa wake.

Asubuhi tunafungua bahasha moja. Zikibaki, zinahamia bahasha ya kesho. Zikiisha saa kumi jioni, tunarudi chumbani kula mkate. Bahasha ya kesho haifunguliwi, tulikubaliana hivyo tukiwa bado kwenye basi.

Usiku kabla ya kulala tunakaa kitandani, yeye anasoma risiti, mimi naandika. Safu tano: tarehe, kitu, euro, shilingi, nani kalipa. Hiyo ya shilingi msiiache. Kahawa ya euro 3 na senti 40 machoni ni ndogo kama mia tatu. Ukiandika pembeni 10,400 unaikumbuka kesho yake.

Tena tuliandika kitu siku kilipolipwa, hata kama kingetumika kesho. Mtu ukisema "nitaandika siku tukienda", inapotea.

Ilifika siku mbili tumechoka tukasema tutaandika asubuhi. Asubuhi tulikuwa na euro 9 zisizo na jina. Tulikaa nusu saa tukazikumbuka 6, tatu mpaka leo zimeandikwa "hazijulikani".

---

Kilwa Masoko

Siku hizi kuna programu za simu zinafanya yote hayo, unapiga picha risiti imeisha. Au tengeneza jedwali kwenye simu lijumlishe lenyewe. Daftari la nini mwalimu?

---

Mwalimu wa Shangani

Anayeweza simu atumie simu, sina ubishi. Sisi tulichagua daftari kwa sababu tulikuwa wawili, na simu ni ya mtu mmoja. Daftari lilikaa mezani, kila mtu analiona. Mke wangu alikuwa akipita anasoma, anasema "leo kahawa tumezidisha". Simu yangu asingeifungua kusoma jedwali.

Sasa nimalizie upande wa Berlin kama nilivyoahidi. Mpango ulikuwa 1,500, ikawa 1,603.

Chumba tulikipata euro 72 kwa usiku, hoteli ndogo kwenye kitongoji cha Neukölln, kwa usiku kumi ni 720. Nilipofika mapokezi wakaniongezea 54. Berlin ina kodi ya wageni, tangu Januari 2025 ni asilimia 7.5 ya bei ya chumba, na kwenye ukurasa wa mtandaoni nilikoweka oda ya chumba haikuwa ndani ya bei. Miji mingi ya Ulaya ina kodi yake ya wageni, mingine kwa asilimia, mingine kwa kichwa. Kabla ya kuandika bei ya hoteli kwenye bajeti, uliza kama kodi ipo ndani.

Usafiri ulikwenda kama tulivyopanga, na naona ndipo tulipofanya vizuri kuliko pote. Tiketi moja ya treni ya mjini ilikuwa 3.80, ya saa 24 ilikuwa 10.60. Siku kumi kwa tiketi za saa 24 ni 106 kwa mtu mmoja. Tukachukua Deutschlandticket, 58 kwa mwezi kwa mtu, mwaka 2026 ikapanda hadi 63. Inapanda treni za mjini, mabasi, hata treni za mikoani. Ilitutoa uwanja wa ndege, ikatupeleka hadi mji wa jirani wa Potsdam bila kulipa tena. Zile treni za kasi za mbali haipandi. Na kuna mtego mmoja: ni ya kujiunga, mwezi ukiisha inakata mwezi mwingine yenyewe. Kuisitisha ni hadi tarehe 10 ya mwezi. Sisi tulijiunga nayo mwanzoni mwa Juni tukiwa bado Mtwara, na tukaisitisha kabla ya tarehe 10, halafu tukaitumia Juni yote iliyobaki. Na si kila muuzaji anapokea kadi za huku kwetu, jaribu mapema.

Chakula na vidogo vidogo tulipanga 400, ikawa 418. Kosa lilikuwa siku ya kufika. Tulisali Idd nyumbani ndipo tukasafiri, tukaingia Berlin Jumamosi tarehe 14 usiku, maduka yamefungwa. Nikasema kesho. Kesho ni Jumapili, na Ujerumani Jumapili maduka ya chakula hayafunguliwi, isipokuwa machache ya stesheni kubwa na viwanja vya ndege, na bei zake ni za pale. Siku ile peke yake ilikula 61. Kuanzia Jumatatu tukawa tunanunua mkate, mayai na matunda dukani kwa wiki, mchana tunakula döner, ule mkate wa Kituruki uliojazwa nyama. Neukölln na Kreuzberg zimejaa migahawa ya Waturuki, halali ipo kila kona, kama euro 7 moja, na inashibisha hadi usiku.

Maji mgahawani hayaji bure kama huku, ukiomba maji unaletewa chupa na bei yake. Choo cha stesheni ni euro moja, kwa hiyo siku zote tulikuwa na sarafu mfukoni. Ukiweka watu wawili kwa siku kumi, choo ni mstari wa bajeti.

Zawadi nilipanga 150, zikawa 188. Hapo nakiri nilizidiwa na mapenzi.

Makato ya mashine za kutolea pesa 23. Nyingi ya hizo ni za mashine moja ya pembeni ya kivutio cha watalii. Iliniuliza kwenye kioo: ukatwe kwa sarafu yako au kwa euro? Mimi nikaona sarafu yangu ndiyo salama, nikabonyeza. Wakanibadilishia kwa bei yao, mbovu kabisa. Siku zote chagua kukatwa kwa euro, benki yako ndiyo ibadilishe. Na tafuta mashine ya benki, si ile iliyosimama peke yake karibu na duka la postikadi.

Kabla hujaondoka iambie benki yako ikufungulie kadi kwa matumizi ya nje. Mwenzetu mmoja tuliyekutana naye uwanja wa ndege kadi yake iligoma siku tatu.

---

Mama Mikindani

Hilo la sarafu yako au euro, hata Roma lilinikuta dukani, kwenye mashine ya kadi ya kaunta. Muuzaji akanibonyezea yeye mwenyewe. Siku hizi naishika mwenyewe.

Niongezee ya Italia kwa anayekwenda upande huo. Mgahawani wana kitu kinaitwa coperto, unalipia kukaa mezani, kila mtu, kabla hujala. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni nafuu kuliko ukikaa. Ila maji Roma ni bure, kuna mabomba ya mitaani yanatiririka mchana kutwa, maji baridi safi, watu wa pale wenyewe wanayanywa. Chupa yangu ilikuwa hainunuliwi maji. Na tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa unaigonga kwenye kimashine kabla ya kupanda, ukisahau ni faini.

Venice nako siku fulani za msimu wanatoza wageni wa kutwa euro 5 za kuingia, ukichelewa kulipia mtandaoni ni 10.

---

Mingoyo Njiapanda

Kuna mtu kaniambia kwa viza hiyohiyo unapita hadi London. Ni kweli wakuu?

---

Mwalimu wa Shangani

Si kweli. Uingereza ina viza yake, na gharama yake. Viza tuliyopata sisi ni ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa nchi 29, siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, na hapo unapewa idadi ya siku iliyoandikwa kwenye kibandiko, si 90 kamili. Tena angalia sarafu. Uswisi imo ndani ya Schengen lakini inatumia faranga, Denmark ina krona yake, Poland ina zloty. Kila ukibadilisha unakatwa. Sisi tulibaki nchi moja kwa sababu hiyo.

---

Mpapura

Korosho mlizikuta huko?

---

Mwalimu wa Shangani

Tulizikuta, na mke wangu alisimama mbele ya rafu muda mrefu.

Pakiti ya gramu 200 za kukaanga, euro 2.79. Alitoa daftari palepale dukani akapiga: kilo moja ni karibu euro 14, yaani 42,500. Kupata kilo moja ya korosho iliyobanguliwa unahitaji kilo nne hadi tano za ghafi. Akageuza pakiti kutafuta zimetoka wapi, akakuta zimefungashiwa Ujerumani. Aliinunua, akaiweka kwenye begi bila kuifungua, mpaka leo ipo kabatini. Wanachama wenzake wa kikoba wameipitisha mikononi. Kuna kikundi hapa Mtwara wameanza kuongelea mashine ya kubangua baada ya kuiona.

Sisi tulikwenda na kilo mbili za kwetu, za kukaanga. Zilituokoa ile Jumapili. Nyama na maziwa usijaribu kuingiza, hairuhusiwi.

---

Mkulima Tandahimba

Mwalimu, nimesoma hadi chini. Naomba ukurasa mmoja wa daftari kama ulivyo, nione mnavyoandika. Na mjusi hujasema, ulimwona?

---

Mwalimu wa Shangani

Nilimwona. Jumanne tarehe 17, maana Jumatatu makumbusho hufungwa. Unaingia mlangoni, ukumbi ni mmoja mkubwa wenye paa la kioo, naye yupo katikati. Shingo inapanda hadi unageuza kichwa. Mke wangu alishika mkono wangu hakusema kitu. Pembeni kuna maandishi yametaja Tendaguru, na nikasoma jina hilo kwa sauti kama tunavyolitamka sisi. Mtoto mmoja wa Kijerumani akageuka kuniangalia. Tulikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Nilihesabu mifupa ya mguu wa mbele nikawa nafikiria ule mfupa mmoja wa paja ulihitaji watu wangapi, na kilima gani kilikuwa kigumu kupanda kabla ya kufika Lindi.

Ukurasa wa siku hiyo huu hapa, sijaongeza wala kupunguza:

Jumanne 17/6. Bahasha ya Siku ya 4: 40.00. Iliyobaki jana: 6.15. Jumla 46.15.

Mkate, mayai, ndizi, jibini: 8.40 (mama)
Choo stesheni, wawili: 2.00 (baba)
Makumbusho, tiketi mbili: imelipwa jana kwa kadi, tazama ukurasa wa jana
Chai moja, kahawa moja, palepale makumbusho: 6.80 (baba)
Döner mbili: 14.00 (mama)
Maji chupa kubwa mbili: 1.08, ndani yake 0.50 ni amana ya chupa
Postikadi mbili za mjusi: 3.00 (baba)
Chupa tano tupu zimerudishwa kwenye mashine ya dukani: zimetupa 1.25

Imetumika 34.03, sawa na 103,800. Inahamia kesho 12.12.

Hizo chupa, kila chupa ya plastiki ya maji ya kutumika mara moja unalipia senti 25 za amana, na ukiirudisha tupu kwenye mashine ya duka lolote kubwa unapewa karatasi, unaipeleka kaunta unakatiwa kwenye bei. Mke wangu hakuacha hata moja hotelini.

Postikadi moja ipo kwenye ubao wa darasa langu. Ya pili nilimpelekea mama kijijini, ameibandika juu ya mlango wa chumba alichokuwa akilala bibi.